Bi Shughuli Anakufa Jumamosi

Tuanze kwa kutoana wasiwasi, maana wasomaji wengine wana roho nyepesi: katika hadithi hii dada mtu hafi. Anayekufa ni Bi Shughuli, na Bi Shughuli hajawahi kuishi popote isipokuwa kwenye kurasa za ndani za gazeti la Jumamosi. Lakini asubuhi ile Mwandishi hakuwa na mtu wa kumtoa wasiwasi namna hii. Ndiyo maana mtu mzima, mwenye mvi na heshima zake, alionekana kwenye lango la hospitali jua halijapanda, akinunua magazeti ya meza nzima kama aliyepandwa na wazimu.

Tumwite Mwandishi hivyohivyo, kwa sababu hata mtaani kwake jina la kuzaliwa lilishasahaulika. Alilelewa na dada yake. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa bado wa kufutwa kamasi, na dada, ambaye mwenyewe alikuwa binti wa kukaa darasani, aliacha shule akaketi kwenye cherehani. Alishona sare za watoto wa watu ili huyu wake naye avae sare. Hakuja kujaliwa mtoto wa tumboni mwake, na wala hakulalamika. Alisema mmoja aliyemlea alimtosha na chenji ikabaki.

Jioni mtoto alifanyia kazi zake za shule chini ya meza ya kukatia nguo, katikati ya vipande vya vitambaa. Wateja walikuja kupimwa, na mtu akipimwa kiuno huwa anasema ya nyumbani kwake, sijui kwa nini. Hawakujua kwamba chini ya meza kulikuwa na masikio na penseli. Hadithi yake ya kwanza kutoka gazetini, akiwa bado mwanafunzi, ilimhusu mke wa mwenye nyumba aliyekuwa akimficha mumewe kuku wa kukaanga ndani ya kabati la nguo. Mwenyewe alijitambua. Dada alilazimika kumshonea yule mama gauni la bure ili yaishe.

Alipokua aliajiriwa gazetini kama msahihishaji, kazi ya kukodolea macho makosa ya wengine. Siku moja mwenye safu ya Jumatano akaugua, Mwandishi akaambiwa azibe nafasi, akaiziba, na mpaka leo hajaondoka. Humo aliwatania wakubwa na wadogo, akiwamo yeye mwenyewe, na watu walimpenda. Riwaya zake za mwanzo, ambazo ndizo alizozitolea jasho, zilisifiwa na walimu na kuliwa na mchwa kwenye ghala la mchapishaji. Halafu akaanza ile riwaya ya mfululizo ya kila Jumamosi, akamtia ndani yake mwanamke fundi cherehani, mdomo mkali, moyo laini, anayejua ya kila nyumba. Hapo ndipo jina lake likaingia majikoni na kwa vinyozi. Nchi nzima ilimpenda Bi Shughuli, na hakuna aliyeuliza katolewa wapi, isipokuwa mtu mmoja.

"Huyu ni mimi," dada alisema siku ya kwanza, mkasi mkononi.

"Si wewe, dada. Ni mtu wa kubuni."

"Mtu wa kubuni ana goti bovu la kushoto kama langu? Haya, sawa. Basi mpunguze kula, watu watanicheka."

Kisha yakaanza kutokea mambo, au dada aliamua kwamba yanatokea. Bi Shughuli aliteleza kwenye ngazi. Wiki ileile dada akateguka kifundo cha mguu. Bi Shughuli alipata kazi ya kushona sare za shule kubwa. Haukupita mwezi, dada naye akaipata ya kwake. Tangu hapo ikawa kila Ijumaa simu inalia. "Kesho umeniandikia nini? Usiniandikie mvua, nina nguo kwenye kamba." Alisema kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa nusu tu, ile nusu nyingine ilikuwa imani. Mwandishi alilijua hilo, na miaka yote alimtunza Bi Shughuli kama yai.

Sasa lije kosa. Mwandishi hakuwa mtu wa kuandika leo kichapwe kesho. Alikuwa na akiba yake ya sura zilizokamilika, anazipeleka gazetini kwa mafungu, ili akiugua au akisafiri Jumamosi isikose kitu. Siku moja mhariri mpya, kijana anayekula huku amesimama, akamwita ofisini.

"Mzee, wasomaji wamesinzia. Ua mtu."

"Nimuue nani?"

"Yeyote wanayempenda."

Akarudi nyumbani amenuna. Akawapitia watu wake wote wa kwenye riwaya, akaona hakuna ambaye kifo chake kitamliza yeyote, ila mmoja. Wakati huo dada alikuwa mzima kama chuma, anabeba marobota ya vitambaa peke yake. Basi akamlaza Bi Shughuli kwenye meza ya upasuaji na hakumwamsha. Alilia sana alipokuwa akiandika, akapenga kamasi, akaiweka sura kwenye fungu lake, akaenda kula. Na hapa ndipo ulipo ugonjwa wa waandishi wa akiba: sura ikishaingia kwenye fungu inatoka kichwani. Mtu anayehangaika na harusi ya sura za mbele huko hakumbuki nani kafa huku nyuma.

Miezi ikapita. Dada akaanza kushika tumbo. Picha zikaonyesha uvimbe, daktari akasema utoke, na utoke mapema, maana ukiachwa utaziba njia ya chakula. Dada akakataa. Akabembelezwa, akakubali, akafika mlangoni mwa hospitali akageuza akarudi kwenye cherehani yake. Mwandishi aligombana naye, akamnunia, akamletea picha za uvimbe wa watu wengine, mpaka siku moja dada akasema shingo upande, "Haya, nikateni, mradi uache kunitazama kama maiti." Akapangiwa wiki ya pili yake. Mara wakapigiwa simu: mgonjwa mwingine ameahirisha, kuna nafasi Jumamosi hii.

Alhamisi, povu la sabuni likiwa bado shavuni na wembe mkononi, Mwandishi akakumbuka ni sura ipi inayotoka Jumamosi hiyo. Akampigia mhariri bila hata kujipangusa.

"Mzee, kurasa za ndani zinachapwa Jumatano, wewe mwenyewe unajua kuliko mimi," mhariri akamjibu. "Saa hizi ziko kwenye magari. Na nikuambie kitu? Kazi nzuri sana. Chumba cha habari kizima kimelia."

Kwa hiyo tunaelewana alichokiogopa. Hakuogopa kwamba karatasi inaua mtu. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliogopa kwamba dada angesoma, angekaa kitako kitandani, angeomba nguo zake na kwenda nyumbani na uvimbe wake tumboni, na safari hii pasingekuwa na ulimi wa kumrudisha. Angekufa kweli, taratibu, na chanzo kingekuwa kalamu ya mtoto aliyemlea. Hilo lilimkosesha usingizi na chakula.

Ndiyo tukamkuta langoni. Muuza magazeti alikuwa ndiyo kwanza anapanga meza.

"Nipe yote."

"Yote ya leo?"

"Yote ya gazeti hili. Haraka, ndugu yangu."

Muuzaji alihesabu huku anatabasamu mpaka jino la mwisho. Mwandishi akabeba rundo lake, akalitupia kwenye buti la gari, akafunga, akashusha pumzi. Hakuwa hata amefika kwenye ngazi za wodi aliposikia nyuma yake muuzaji akipaza sauti kwenye simu: "Niongezee mzigo mwingine! Linakwisha kama maji! Eti nini? Ndiyo, ndiyo, ni kwa sababu Bi Shughuli kafa!" Kisha akaanza kuitangaza habari hiyo kwa kila aliyepita langoni. Mwandishi alitamani kurudi amzibe mdomo, lakini angemziba na nini? Alikuwa ameshamlipa.

Dada alikuwa amekaa kitandani ndani ya gauni la hospitali, anakagua pindo lake kwa vidole.

"Aliyeshona hii apigwe," alisema. "Umeamkaje?"

"Salama, dada. Wewe?"

"Nina njaa, hawajanipa hata maji. Gazeti langu liko wapi?"

"Leo halikutoka."

"Halikutoka?"

"Mitambo imeharibika. Mkanda umekatika. Fundi mwenyewe yuko safarini, na spea..."

"Lo! Poleni sana," dada alisema, akamtazama kwa utulivu. Mwandishi akageukia dirisha, akasifia mandhari, ambayo ilikuwa ni ukuta.

Hapo akaingia nesi wa zamu, mwanamke mnene mwenye macho mekundu. Alipomwona Mwandishi akasimama, mikono kiunoni.

"Ni wewe? Kweli wewe ni mtu wa kutufanyia vile?"

Mwandishi alimkonyeza kwa macho yote mawili, akatikisa kichwa, akakunja uso, akafanya kila kitu ambacho uso unaweza kufanya.

"Kufanya nini?" dada akauliza kwa upole.

Nesi akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Kuegesha gari mlangoni," akasema hatimaye, na akatoka haraka, mabega yakimtikisika. Mwandishi akaona analia, akamhurumia.

Wakaja na kitanda cha magurudumu. Dada alivua hereni zake akamwekea kiganjani, akakikunja kiganja kile kama alivyokuwa akifanya zamani alipompa hela ya kununua madaftari. Mwandishi naye, ambaye kwa safu ya Jumatano hajawahi kukosa maneno, alisema, "Haya basi, dada," na magurudumu yakaondoka. Alijichukia palepale. Haya basi! Ndiyo maneno ya kumwambia mtu anayekwenda kupasuliwa?

Ukumbi wa kungojea ulikuwa umejaa, na muuzaji alikuwa amepata mzigo wake. Magazeti yalifunguliwa kila upande. Hakuna aliyemtambua, maana picha ya kwenye safu yake ilipigwa enzi ana nywele nyeusi. Bwana mmoja mwenye miwani alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti, na kila alipofika palipo pagumu alikohoa.

"Hana utu huyu," alisema mama mmoja. "Mwanamke wa watu kafanya kazi maisha yake yote, eti anakufa hivihivi kwenye meza."

"Pengine ni ujanja," bwana wa miwani akasema. "Pengine atazinduka."

"Wewe soma. Muulize huyu baba, amekaa kimya. Wewe baba, ungekuwa wewe ungemuua?"

"Mimi?" Mwandishi alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Mimi ningekata mkono kwanza."

"Umeona? Huyu ana utu," mama akawaambia wenzake.

Bwana wa miwani alipogeuza ukurasa kuelekea mazishini, Mwandishi alinyanyuka akaenda kusimama uani, kando ya mapipa ya taka, akizishika zile hereni mpaka zikamchora kiganja. Aliahidi mambo mengi pale kwenye mapipa. Aliahidi kuacha kuandika, kuacha chumvi, kuacha kubishana na mkewe. Mengine hakuwa na uwezo nayo, lakini aliyaahidi.

Daktari alimkuta huko. Alikuwa amevuta barakoa chini ya kidevu, anakula ndizi.

"Nimekutafuta ukumbini. Dada yako ni mzima. Tumeutoa wote, na kwa macho yangu hauna ubaya. Tutapeleka kipande maabara kwa utaratibu, lakini mimi mwenyewe leo nitalala usingizi wangu."

Mwandishi alikaa juu ya pipa. Kicheko kilianza tumboni kikapanda, nacho kilipofika kooni kikageuka kuwa kilio, na vyote viwili vikatoka kwa pamoja mpaka daktari akamshika bega na kumpa nusu ya ndizi iliyobaki. Aliila. Hajawahi kula kitu kitamu namna ile. Aliporudi ukumbini aliwasalimu watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, hata yule bwana wa miwani, nao wakamwona mtu mwenye adabu ya ajabu.

Jioni ile dada alifumbua macho, akasema "Maji," akalala tena. Mwandishi alikaa naye mpaka walipomfukuza, akaenda nyumbani akalala kama gogo.

Siku ya pili alipofika wodini, maabara walikuwa bado, lakini dada alikuwa amekaa, mito mgongoni, rangi imerudi usoni. Wagonjwa wenzake walikuwa wakicheka kwa jambo alilowaambia, huku kila mmoja akishika mshono wake. Kabla Mwandishi hajaketi, simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya mhariri, na kelele za simu nyingine nyuma yake.

"Mzee, mfufue!"

"Nimfufue nani?"

"Unamjua! Simu hazijakoma tangu jana. Kuna mtu kaleta maua hapa mapokezi. Mfufue."

"Nimeshamzika."

"Si mfukue! Sema ilikuwa ndoto, sema walikosea maiti, wewe ndiye fundi."

"Mwache apumzike," dada alisema kutoka kitandani. "Kafanya kazi sana yule mwanamke. Mwambie huyo kijana amwache apumzike."

Mwandishi akakata simu bila kuaga.

"Dada. Umejuaje?"

Dada aliingiza mkono chini ya godoro akatoa gazeti la jana, limekunjwa mpaka limechakaa. "Mama mmoja wa usafi alilinunua kwao akaniletea alfajiri, wewe hujafika. Nilikuwa nimemwagiza. Nilisoma na nesi."

"Na ulipokuwa unaniuliza gazeti?"

"Nilitaka kuona utasemaje. Mkanda umekatika! Spea!" Alicheka, akashika tumbo, akalaani, akacheka tena. "Toka utotoni wewe hujui kudanganya bila karatasi."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na nesi aliyekuwa akipima homa kitanda cha pembeni akacheka kupita wote. Mwandishi akajiona mjinga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akafurahi kuwa mjinga. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa, kwa nini nikudanganye? Nikasoma mpaka pale kwenye meza ya upasuaji. Nikamwambia huyu nesi, nipe nguo zangu, naenda kwangu. Akasema, mama, maliza kwanza, sura haijaisha." Dada alilifungua gazeti, akalisogeza mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya. "Nikamaliza. Nikafika makaburini, pale mdogo wake Bi Shughuli anaposimama kusema. Yule asiyeongea."

"Dada, usisome."

Akasoma, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeacha shule mapema na hajawahi kuacha kusoma. "'Watu wananiita yatima. Mimi uyatima siujui. Ulikuja mpaka mlangoni, huyu hapa akasimama na futi kamba yake shingoni, akauambia, hapa hupiti.'"

Dada alilikunja gazeti.

"Nikawaza, mwenye maneno haya ni mdogo wangu. Miaka yote hii yupo nayo, na ameyapeleka kwa watu wasionijua, na kwangu hajawahi kuleta hata moja. Yananingojea kaburini. Nikamwambia nesi, basi, nipelekeni. Siwezi kufa nikayaacha. Nikitoka salama, atanisemea hapahapa." Akajiweka sawa kwenye mito. "Nimetoka salama. Haya, sema."

"Ile ni hadithi tu, dada."

"Ndiyo. Sasa niambie bila hadithi."

Mwandishi alifungua mdomo. Alitafuta neno zuri, lile ambalo lingekaa vizuri mwisho wa sura, halikuja. Alitazama dirisha.

"Usiangalie ukuta. Niangalie mimi."

Akamwangalia. Alikuwa amezeeka dada yake. Alikuwa na alama ya mto shavuni na nywele zimesimama upande mmoja.

"Niliogopa utakufa," alisema. "Sina mtu mwingine kama wewe. Kila kitu nilicho nacho umenipa wewe, na sijawahi kukushukuru, maana kila nikitaka kuanza naona aibu. Nakupenda, dada. Ahsante kwa kunilea."

"Kwa sauti kidogo. Sikio hili nimelilalia."

"Nakupenda, dada!" akasema kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. "Ahsante kwa kunilea!"

Dada alimshika mkono akauweka juu ya shuka, akaufunika na wake, naye akalia vizuri, bila haraka, kama mtu aliyetua mzigo. Nesi alijifanya anasoma kipimajoto. Mama wa kitanda cha tatu, aliyekuwa ameinuka kwenye kiwiko ili asikose neno, alipangusa macho kwa ncha ya shuka.

"Na hilo nalo," akauliza, "litatoka Jumamosi?"

Mwandishi akavuta pumzi ajibu, lakini dada alimtangulia.

"Halitoki," alisema. "Hilo ni langu."